Kle ya milimetre ao ya pusi? Usiulize masini, uliza visi



Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya kakitu kadogo: ile fimbo ya chuma ya pembe sita, yenye ilipindwa sawa herufi L, yenye bafundi wetu wanaita kle aleni. Kama ulishanunua kitanda ao meza yenye inakuja vipande-vipande mu karto, uliikuta ndani, mu kasashe kadogo pamoja na visi. Watu wengi wanaitumikisha mara moja, kisha wanaitupa mu meza ya televizyo pamoja na telekomande za zamani.

Najua wamoja watacheka. Mu avenue yetu wananiita Agro, na siku moja muzee mumoja aliniuliza: «Agro, weye ulisoma mahindi, unatafuta nini mu visi?» Nilimujibu: mahindi haijisage yenyewe, baba. Kutoka shamba mpaka sahani ya bukari kuko pompe ya maji, kuko pikipiki yenye inabeba mufuko, kuko masini ya kusaga. Zote zinashikwa na visi. Na visi ikikataa kufunguka, diplome ya licence haisaidie kitu.

Swali yenye ninaulizwa mingi ni hii: ninunue kle za milimetre ao za pusi? (Pusi ni ile kipimo yenye Waingereza wanaita inchi. Lakini kwetu inchi ni Kongo, kwa hiyo nitaandika paka pusi, sawa vile tunasema ku kenkayeri.) Jibu ya haraka: milimetre. Kama uko na makuta ya kununua seti moja tu, nunua milimetre na urudi ku nyumba kwa amani. Lakini jibu haiishie pale, na ni ile sehemu yenye inabakia njo inaharibu vitu vya watu.

Tuanze na kuuliza juu ya nini hapa kwetu vipimo ni mbili. Ubelgiji ilikuwa kati ya inchi zenye zilitia saini mapatano ya metre ku Paris mu 1875. Kwa hiyo Mubelgiji mwenye alikuja kutawala Katanga alikuja na metre mu mufuko. Lakini muji yetu haikupata reli kwa njia ya Matadi. Reli ilitoka kusini, mu Rhodesia ya Waingereza, ile leo ni Zambia na Zimbabwe, ikapita Sakania, ikafika hapa mu 1910, wakati muji ilikuwa inaitwa Élisabethville. Mupime upana wa ile reli, ile bazee wanaita njanja: kutoka chuma moja mpaka ingine ni milimetre 1067. Namba ya ajabu, si hivi? Haiko ajabu kama unajua kwamba ni futi 3 na pusi 6, kipimo ya Waingereza wa kusini mwa Afrika. Mpaka leo treni ya SNCC inatembea juu ya ile upana. Mubelgiji aliandika milimetre mu vitabu vyake, lakini chuma ilikuwa ya pusi.

Na haikuishia ku reli. Ata kijana mwenye hajasikia jina ya Rhodesia anasema pusi kila siku bila kufikiri: tiyo ya nusu-pusi, tiyo ya robo tatu, televizyo ya 32, janti ya 14. Mu kenkayeri moja, ku ukuta moja, unaomba fero ya 8 ao ya 10 kwa ajili ya beto, na ile ni milimetre. Kisha unageuka kidogo, unaomba tiyo ya nusu, na ile ni pusi. Na tena, ile tiyo ya chuma ya nusu-pusi, uipime kwa inje: ni karibu milimetre 21. Haiko nusu-pusi ata kidogo. Ni jina tu. Tulishazoea, hatuone tena.

Kle yenyewe iko na historia ya namna ile ile. Jina aleni inatoka kwa Allen, kampuni ya Hartford, mu Connecticut, Marekani. Karibu na ule mwaka 1910, wakati treni yetu ya kwanza ilikuwa inafika, wao walikuwa wanatengeneza visi yenye shimo ya pembe sita, yenye inaingia yote ndani ya chuma. Sababu ilikuwa maisha ya watu. Mu viwanda vya zamani puli zilizunguka juu ya myuma mirefu karibu na wafanyakazi, na visi za kushika zile puli zilikuwa na kichwa inje. Kichwa ikikamata mukono wa shati, mutu anafuata. Visi yenye kujificha ndani haikamate shati. Hartford walipima kwa pusi. Kisha mu 1936 kampuni ya Wajerumani, Bauer na Schaurte, ikaleta ya kwao kwa milimetre na jina Inbus. Tangu pale kuko familia mbili, na kwa macho zinafanana sawa mapacha.

Kwa hesabu: pusi moja ni milimetre 25,4 kamili, ile ilikubaliwa mu 1959. Kle za pusi zinaandikwa kwa sehemu: 1/8, 5/32, 3/16, 1/4. Za milimetre zinaandikwa 3, 4, 5, 6. Hakuna moja yenye iko sawa kabisa na ingine. Kuko zenye zinakaribiana, na kuko zenye zinadanganya.

Sasa tuingie mu nyumba. Kitanda, meza na viti vyenye vinatoka China: visi ni za milimetre, na kle 4, 5 na 6 zinamaliza karibu yote. Mukono wa mulango: kuko kavisi kadogo kwa chini, mingi ni 2,5 ao 3. Robine ya kisasa yenye mukono moja kwa maji ya baridi na ya moto: toa kale kaplastiki kenye alama nyekundu na bulu, nyuma yake utakuta shimo, tena ni 2,5 ao 3. (Watu wengi wanatupa ile robine juu mukono ilianza kucheza, kumbe ni kavisi tu kalilegea.) Kinga za siku hizi, zile za vitesi: 4, 5 na 6, na 8 kwa fasi ya pedali. Pikipiki za India na China: milimetre. Gari ya Japani: milimetre. Unaona juu ya nini nilisema ununue milimetre kwanza.

Pusi inajificha mu vitu vya zamani, na vitu vya zamani ni vile vyenye vinalisha watu. Trakta za Massey Ferguson 35 na 135, zile wakulima wanaendelea kutengeneza na kutengeneza. Motere za diesel za silinda moja za aina ya Lister, zile Waingereza walitengenezaka ku Dursley na kisha Wahindi wakaiga ku Rajkot. Masini za Marekani za zamani zenye zilipita ku migodi, kisha zikauzishwa, kisha zikauzishwa tena. Hizi hazikae mu salo. Zinakaa mu shamba, mu garage, na mu nyumba ya kusaga.

Mu Katuba kuko mama mumoja, jirani wa ndugu yangu, mwenye eko na masini ya kusaga. Motere ni ile ya silinda moja. Mu mwezi wa sita, wakati mahindi ya shamba inaingia mu muji na kila mutu anataka kusaga, puli ikaanza kuteleza juu ya chuma yake. Visi ya kuishika ililegea. Kazi ya dakika tano. Akaita kijana mumoja, fundi wa pikipiki, kijana wa akili na wa bidii, mwenye seti nzuri ya milimetre. Akajaribu kle ya 6, ikaingia. Akavuta, ikakataa. Akatia katiyo ku mukono wa kle ili ikuwe murefu, akaegemea na uzito wake wote. Ikatoa sauti, «tak», na wote wakafurahi, wakasema ilifunguka. Haikufunguka. Shimo njo ilikuwa mviringo.

Nilifika jioni. Mama alikuwa anakaa juu ya mufuko ya mahindi ya mutu.

«Papa, si ile kle iliingia?» akaniuliza, sawa ni mimi niliivuta.

«Iliingia, mama.»

«Sasa kama iliingia, juu ya nini inakataa?»

Bandugu, ile swali ya mama ni somo yote. Sisi wote tunafikiri kama kle ikiingia, basi ni yake. Shimo ya ile visi ilikuwa 1/4 ya pusi, maana milimetre 6,35. Kle ya 6 inaingia mule bila shida. Inaingia sawa mutu mwembamba mu suruali ya tata yake. Lakini mbele ya kugusa ukuta wa shimo, inazunguka kwanza mu hewa, karibu digri 6. Na wakati inagusa, haigusi kwa ubavu wote. Inagusa kwa ncha za pembe zake sita tu. Nguvu yote ya mukono wako, pamoja na ile tiyo yenye uliongeza, inakaa ku mistari sita myembamba. Chuma haiwezi kuvumilia. Pembe za shimo zinakatwa, zinakuwa duara, na kutoka pale ata kle ya kweli ya 1/4 haikamate tena.

Siku ine masini ilisimama. Wenye mahindi wakabeba mabeseni yao, wakaenda kusaga ku avenue ingine, na mwenye alizoea kusaga fasi ingine hauna uhakika atarudi. Mama mwenyewe, mwenye masini, akaanza kununua unga kwa meka ku soko ili watoto wakule. Ile njo bei ya milimetre 0,35.

Fundi wa Kamalondo mwenye aliikomboa alitoboa visi yote kwa shiniole, akapanua shimo ya puli, akakata njia mupya ya visi ya milimetre 16. Visi mupya inafunguliwa na kle ya 8. Alifanya kazi muzuri, siko namulaumu. Lakini muangalie matokeo: motere ni ya kipimo cha Waingereza, puli ku upande moja iko na visi ya milimetre, na ku upande ingine visi ya zamani ilibakia, ile ya 1/4. Masini moja, puli moja, familia mbili. Mama alifunga kle mbili pamoja na kamba na kuzitundika ku musumari juu ya motere.

Hapa njo ninakatana na wale wenye wanasema: «Uliza tu masini inatoka wapi. Kama ni ya Marekani, pusi; kama ni ya China, milimetre.» Ku Chicago ao London labda ile inatosha. Lakini hapa kwetu masini haina inchi moja. Masini yenye miaka makumi inne hapa Lubumbashi ilishapita mu mikono ya bafundi kumi, na kila mumoja alitia visi yenye alipata siku ile ku soko. Ndani yake kuko visi ya Ulaya, ya Zambia, ya kutolewa ku masini ingine yenye ilikufa. Paspoti ya masini haiseme kitu. Ni visi moja-moja njo inaulizwa.

Namna ya kuiuliza ni hii.

Kwanza usafishe shimo. Hii watu wanaruka, na ni ya lazima kupita zote. Udongo wetu mwekundu ukiingia na mafuta unakauka sawa matofali. Ku masini ya kusaga ni unga na mafuta, mbaya zaidi. Chukua musumari mwembamba, chokora mpaka uone chini ya shimo. Kle yenye inaingia nusu inaharibu shimo ata kama kipimo ni ya kweli.

Kisha tia kle na uitikise kushoto na kuume na vidole viwili, bila nguvu. Usikilize mukono. Kama inacheza kidogo sana, sawa jino nzuri, ni yake. Kama inatembea mbele ya kugusa, itoe, jaribu ya familia ingine. Kati ya mbili zenye zinaingia, ile kubwa njo ya kweli. Kama kubwa inataka kuingia na nyundo, hapana, pale pia usimame.

Tatu, kama kuko buloni ingine karibu, angalia kichwa yake. Ikiandikwa 8.8 ao 10.9 ao 12.9, ni milimetre. Ikikuwa na mistari mitatu ao sita yenye inatoka katikati sawa nyota, ni ya pusi, ya mutindo wa Marekani. Kichwa bila kitu haikuambie neno.

Nne, kama uko na visi ingine ya namna ile yenye ilishatoka, chukua late ya shule ya mutoto. Pima unene, kisha uhesabu meno ku santimetre moja. Visi ya milimetre 6 ya kawaida iko na meno 10 mu santimetre moja. Visi ya 1/4 ya pusi ya kawaida iko na meno 20 mu pusi nzima, ni karibu 8 mu santimetre. Angalisho: ile ya milimetre 8 nayo iko na meno 8 mu santimetre. Kwa hiyo meno peke haitoshe, lazima unene pia: 8 haifanane na 6,35 ata kwa late ya mutoto.

Sasa zile zenye zinakaribiana na zile zenye zinadanganya, juu hapa njo unaweza kuchunga makuta. 5/32 ni milimetre 3,97: na 4 ni sawa ndugu wa tumbo moja. 5/16 ni 7,94: na 8 ni vile vile. Mu hizi mbili, kle ya pusi mu shimo ya milimetre inafanya kazi muzuri. Kle ya milimetre mu shimo ya pusi mara inaingia na kubana kidogo, mara inakataa, lakini ikiingia haiharibu. Zenye zinadanganya ni hizi: 3 mu shimo ya 1/8, juu 1/8 ni 3,175. Kle ya 6 mu shimo ya 1/4, ile ya mama. Na kwa upande ingine, kle ya 3/16, yenye ni 4,76, mu shimo ya 5: hii inaharibu vitanda, wakati mutu ameachiwa seti ya pusi na tata yake na anafikiri kle ni kle. Ku visi ndogo sana ni hatari zaidi. 1,5 mu shimo ya 1/16 inaacha milimetre 0,09 tu, unaona ni kitu bure, lakini kwa kavisi ka ile ukubwa 0,09 ni mingi, na chuma yenyewe ni kidogo.

Kwa hiyo kama unaniomba mashauri ya kununua: seti ya milimetre kutoka 1,5 mpaka 10, kisha kle tatu tu za pusi, moja-moja: 1/8, 3/16 na 1/4. 5/32 na 5/16 uache, uko nazo ndani ya 4 na 8. Mwenye trakta ya zamani anunue seti nzima ya pusi, ule ni mutu mwingine na anajua shida yake.

Ku soko kuko wale wanauzisha kle za kutumika chini, juu ya shiti. Nazipenda, mara ingine chuma yake inapita ile mupya ya mu plastiki. Lakini angalia ncha. Kama pembe zilishakuwa duara, omba bei ya chini, kisha ku nyumba ukate ile ncha na disiki, sentimetre moja tu. Nyuma yake kuko pembe mupya kabisa. Kama hakuna namba juu yake, usinunue kwa macho: beba visi yenyewe ku soko, ao beba kle yenye unajua kipimo yake uziweke bega kwa bega. Ku kle mupya, tafuta maandiko Cr-V na namba yenye ilipigwa ndani ya chuma, haiko ya rangi. Ile yenye inakuja bure na kitanda ni laini. Ni ya kufunga kitanda, haiko ya kufungua motere.

Zile zenye kichwa cha mviringo sawa kampira ku ncha, zinasaidia fasi ya kona, kwa kuzungusha visi yenye ilishalegea. Kwa kulegeza visi ngumu, usitumikishe ule upande. Geuza, tumikisha upande wa pembe sawasawa, na utie mukono mufupi ndani ya shimo ili ule murefu ubakie mu mukono wako.

Na kama visi inakataa ata na kle ya kweli? Usikimbilie tiyo. Tia mazutu kidogo ao mafuta mepesi, wacha usiku moja. Kesho tia kle, ipige juu kidogo na nyundo, kwa upole, ili ule mutikisiko uvunje kutu. Kisha kaza kidogo mbele ya kulegeza. Ndiyo, kaza: digri moja-mbili, halafu rudisha. Mara mingi inaachia pale.

Kama shimo ilishakuwa mviringo, kuko nafasi moja ya mwisho mbele ya shiniole. Kuko kle ingine yenye ncha ya nyota, ile ya Torx. T25 iko na upana wa milimetre 4,5 hivi. T30 iko na 5,6. Shimo ya 4 yenye iliharibika, chukua T25. Ya 5, chukua T30. Igonge na nyundo mpaka iingie na kujikatia njia yake, kisha zungusha polepole. Ile visi usiirudishe tena, ata kama inaonekana nzuri. Nunua ingine na uandike mu ukuta ao mu kaye ni kipimo gani.

Kle zangu tatu za pusi nilizipaka verni nyekundu ya kucha, ile ya dada yangu, ili mutu mwenye anaazima mu giza asichanganye.

Kwa wale wenye wanapiga gitare mu kanisa, juu wawili walishaniuliza: gitare nyingi za Fender zenye zilitengenezwa Marekani ziko na kavisi kadogo ku daraja ya kamba, kenye kanafunguliwa na kle ya 0,050 ya pusi, maana milimetre 1,27. Zile zenye zilitengenezwa Asia mara mingi ni 1,5. Ya 1,5 haiingie mu ya kwanza, na ya kwanza mu shimo ya 1,5 inacheza sana. Ile ya 0,050 haipatikane kila fasi hapa, kwa hiyo ukiipata, ifunge na kamba ndani ya sanduku ya gitare. Ikianguka mu majani hautaiona tena.